Macho Hayana Hatia: Historia Fupi ya Kumsaidia Mtoto Mwenye Disleksia Kukumbuka Maneno



Leo naweka kando lugha za kuprogramu na hifadhidata, tuingie kidogo katika historia. Usiondoke bado, kompyuta zitafika mbele ya safari.

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikiunda programu ndogo ya simu ya kuwafundisha watoto maneno. Mwalimu mmoja anayeijaribu darasani aliniambia kuna watoto wawili watatu ambao neno wanalisoma vizuri Jumatatu, ikifika Jumatano wanalitazama kama mgeni. Akaniuliza kama ninaweza kuzifanya herufi ziwe kubwa na zenye rangi rangi, labda macho yao yatazishika. Ni ombi la busara, na wengi wetu tungeomba vivyo hivyo. Lakini sisi waundaji programu tunajua kwamba mahali hitilafu inapoonekana si lazima pawe ndipo ilipozaliwa. Skrini inaweza kuonyesha upuuzi mtupu ilhali kosa liko ndani ya faili ambayo hata hujaifungua. Kwa hiyo kabla sijagusa rangi hata moja, nilikwenda kusoma waliotutangulia waliona nini kwa watoto hawa, na walijaribu nini.

Nilichokipata ni historia ya karibu miaka 150, na karibu miaka mia ya mwanzo ilitumika kuyalaumu macho.

Jambo hili si la udadisi tu. Hapa kwetu mtoto asiyeweza kusoma huitwa mvivu, mzembe, au kichwa kigumu. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, lakini maneno ya kuumiza hayajapigwa marufuku. Mtoto akiambiwa kila siku kwamba yeye ni mjinga, kufikia darasa la nne ameshaamini, na hapo hata programu nzuri namna gani haitamrudisha kwa urahisi.

Upofu wa maneno

Mwaka 1877 daktari Mjerumani, Adolf Kussmaul, alieleza hali aliyoiita upofu wa maneno: mtu anaona vizuri, anazungumza vizuri, ana akili timamu, ila hawezi kusoma. Hao walikuwa watu wazima ambao ubongo wao ulikuwa umeumia. Miaka kumi baadaye, 1887, daktari wa macho wa Stuttgart aitwaye Rudolf Berlin alichapisha kitabu chenye neno ambalo tunalitumia mpaka leo, disleksia. Naye pia alikuwa akizungumzia watu wazima.

Mtoto aliingia katika habari hii tarehe 7 Novemba 1896. Siku hiyo jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha makala fupi ya W. Pringle Morgan, daktari wa mji mdogo wa Seaford, kusini mwa Uingereza. Alieleza habari za kijana wa miaka 14 aliyemtaja kama Percy F. Kijana huyu alikuwa mchangamfu, hodari michezoni, na hakuwa nyuma ya wenzake kwa jambo lolote ila moja: kusoma. Alikuwa amefundishwa tangu akiwa na miaka saba, lakini hata maneno ya silabi moja yalimshinda. Alipoandika jina lake mwenyewe aliandika Precy, na hakuona kosa mpaka alipoonyeshwa zaidi ya mara moja. Ukimpa hesabu lakini, mambo yanabadilika: alizidisha 749 kwa 867 upesi na kwa usahihi. Ukitaka kujua ugumu wake, jaribu bila kikokotoo.

Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, Percy angekuwa mwanafunzi mwerevu kuliko wote shuleni. Hebu fikiria ni akina Percy wangapi tulisoma nao, ambao hawakupata daktari wa kuwaandikia makala.

Morgan alisema tatizo hili ni la kuzaliwa nalo, si uvivu. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Aliyemtia hamasa ya kuandika alikuwa daktari wa macho wa Glasgow, James Hinshelwood, ambaye mwaka 1917 alitoa kitabu kizima kuhusu upofu wa maneno wa kuzaliwa nao. Hinshelwood aliamini kwamba sehemu ya ubongo inayohifadhi picha za herufi na maneno ndiyo yenye kasoro. Ukitazama vizuri utaona ni kwa nini. Watoto walipelekwa kwa madaktari wa macho, kwa hiyo maelezo yakawa ya macho. Fundi wa nyundo huona kila kitu ni msumari.

Mkono waingia darasani

Nchini Marekani mwaka 1925, daktari Samuel Orton aliandika kuhusu watoto aliowapima huko Iowa. Aliona wanachanganya b na d, na wanasoma maneno kinyumenyume. Akadhani nusu mbili za ubongo zinashindana, moja ikihifadhi picha ya neno kama ilivyo na nyingine ikiihifadhi kama kwenye kioo. Akabuni hata neno lake, strephosymbolia, maana yake alama zilizopinda. Nadharia hiyo ilikuja kuanguka. Lakini ushauri wake wa kufundisha ulidumu: usimwonyeshe mtoto neno zima na kumtaka alikariri kama picha, mfundishe sauti ya kila herufi, kisha umwonyeshe jinsi sauti zinavyoungana kuwa neno. Anna Gillingham na Bessie Stillman, walimu waliofanya kazi naye, waliugeuza ushauri huo kuwa mwongozo wa walimu katikati ya miaka ya 1930. Mtoto anaiona herufi, anaitamka sauti yake, anaisikia, na mkono wake unaiandika, yote kwa pamoja.

Kule Los Angeles, Grace Fernald alikuwa na njia tofauti kidogo. Alifungua shule yake ya kliniki katika chuo kikuu mwaka 1921, na mwaka 1943 akaieleza njia hiyo kitabuni. Nataka uisome polepole kwa sababu kwa macho ya mprogramu inavutia sana. Mtoto mwenyewe anachagua neno analolitaka. Mwalimu analiandika kubwa kwa krayoni juu ya karatasi. Mtoto anafuatisha herufi kwa kidole, kidole kikigusa karatasi, huku akilitamka neno sehemu kwa sehemu. Anarudia mpaka ajisikie tayari. Kisha karatasi inaondolewa, naye analiandika kwa kumbukumbu. Akikosea hapigi viraka herufi moja moja, anaanza tena kulifuatisha neno lote. Baada ya hapo analitumia katika hadithi yake mwenyewe, na mwisho karatasi ya neno inaingia kwenye kisanduku, ikipangwa kwa alfabeti.

Umeona? Hiyo ni hifadhidata ya mtoto mmoja, iliyojengwa kwa karatasi, na kanuni yake ya kwanza ni kwamba kunakili huku ukitazama ni marufuku. Lazima neno litoke kichwani.

Wazo la kutumia vidole halikuanzia kwake. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, na watoto walipapasa herufi zilizokatwa kwa karatasi ya msasa. Wala halijamaliza mjadala. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti zilizokuwepo kuhusu njia ya Orton na Gillingham, wakakuta faida ipo lakini ni ndogo kiasi kwamba takwimu hazikuweza kuithibitisha. Kwa hiyo ukisikia mtu anauza vifaa vya msasa kwa bei ya gari, tulia kwanza.

Macho yaachiliwa huru

Kesi ya macho ilivunjika katika miaka ya 1970, na iliyoivunja ni mitihani midogo midogo yenye akili.

Mtafiti Mmarekani Frank Vellutino aliwaonyesha watoto maneno ya Kiebrania kwa muda mfupi, kisha akawataka wayaandike kwa kumbukumbu. Watoto hao hawakujua Kiebrania. Kama tatizo la mwenye disleksia lingekuwa kuziona au kuzihifadhi picha za herufi, angefanya vibaya kuliko wenzake. Haikuwa hivyo. Wasomaji dhaifu waliandika sawa na wasomaji wazuri. Yaani maumbo waliyaona na kuyakumbuka, mradi maumbo hayo hayana sauti ndani yake.

Sasa njoo upande wa sauti. Mwaka 1974 Isabelle Liberman na wenzake waliwapa watoto kijiti cha kugonga mezani: gonga mara moja kwa kila silabi, au mara moja kwa kila fonimu, yaani kila sauti moja moja ya neno. Watoto wa miaka minne karibu nusu waliweza kugawa silabi, lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kugawa fonimu. Mwishoni mwa darasa la kwanza, wengi waliweza silabi na asilimia 70 waliweza fonimu. Kumbe kusikia kwamba neno paka lina sauti nne si jambo la asili kama tunavyodhani. Sauti hizo zimeyeyukiana mdomoni, na herufi zinamtaka mtoto azitenganishe. Kwa mwenye disleksia, hapo ndipo gari linapokwama.

Huko Oxford, Lynette Bradley na Peter Bryant walikwenda hatua moja zaidi, na matokeo yao yakachapishwa katika jarida la Nature mwaka 1983. Walichukua watoto 65 waliokuwa dhaifu katika kutambua sauti, wakawagawa makundi manne. Kundi la kwanza lilifundishwa kupanga picha kwa sauti za majina yake. La pili lilifundishwa hivyo hivyo, ila pia likapewa herufi za plastiki za kuonyesha sauti hizo. La tatu lilipanga picha kwa maana tu, wanyama na wanyama, na la nne halikufundishwa lolote. Vipindi vilikuwa 40 tu kwa miaka miwili. Mwishowe waliowashinda wote kusoma na kuandika ni kundi la sauti pamoja na herufi za plastiki. Sauti peke yake haikutosha, na picha peke yake haikutosha. Kilichofanya kazi ni fundo linalofunga sauti na herufi.

Baadaye mwanasaikolojia Mmarekani Linnea Ehri alieleza kwa nini. Neno haliingii katika kumbukumbu ya kudumu kama picha ya uso wa mtu. Linaingia pale kila herufi inapojishikiza kwenye sauti yake ndani ya tamko ambalo mtoto tayari analijua. Vifundo vikiwa vingi na imara, neno linakaa. Vikiwa legelege, Jumatano limeshatoroka.

Lini turudie?

Tawi lingine la historia hii halikuwa na habari kabisa za disleksia. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha matokeo: tunasahau haraka sana mwanzoni, kisha polepole, na marudio yaliyosambazwa siku mbalimbali yanashinda marudio ya kurundika siku moja. Mwaka 1972 Sebastian Leitner alilifanya jambo hilo kuwa visanduku vya kadi. Kadi uliyoijua inasogea kisanduku cha mbele ambacho hufunguliwa mara chache, uliyoikosa inarudi cha kwanza. Mwaka 1987 Piotr Woźniak wa Poland aliandika algorithimu ya kompyuta ya kupanga tarehe za marudio, na wengi wanaijua leo kupitia Anki, iliyotoka 2006.

Tahadhari, ndugu mprogramu. Algorithimu hizi zinakuambia lini uonyeshe kadi. Hazisemi neno lolote juu ya kilichomo ndani ya kadi. Ukimwonyesha mtoto mwenye disleksia neno zima mara hamsini kwa ratiba safi kabisa, umempangia vizuri tarehe za kushindwa. Kwanza fundo, halafu ratiba.

Na Kiswahili chetu je?

Hapa ndipo niliposimama muda mrefu, kwa sababu mtoto wa Kenya anajifunza kusoma lugha mbili zenye tabia tofauti kabisa. Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa. Sote tuliimba ba be bi bo bu, na aliyeishika nyimbo hiyo anaweza kulitamka hata neno ambalo hajawahi kuliona. Kiingereza nacho kina one na said, na though, through na tough, ambazo zinafanana kwa macho tu. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake wa 2003 ulipima watoto wa nchi nyingi za Ulaya mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule. Watoto wa Ufini walisoma sawasawa karibu maneno yote ya kawaida. Wa Scotland, wanaosoma Kiingereza, walipata takriban theluthi moja.

Je, disleksia ni ugonjwa wa Kiingereza? Hapana. Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake walipiga picha za ubongo za wanafunzi wa vyuo wenye disleksia kutoka Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano, ambao lugha yao husomeka kama Kiswahili, walisoma vizuri kuliko wenzao wenye disleksia. Lakini ndani ya ubongo wote watatu walionyesha udhaifu ule ule, mahali pale pale. Na mwaka 1993 Heinz Wimmer wa Austria alikuwa ameshaonyesha kwamba watoto wenye disleksia wanaosoma Kijerumani hawakosei sana, ila wanasoma polepole mno.

Fikiria maana yake kwetu. Mtoto anayesoma Kiswahili kwa usahihi lakini kwa mwendo wa kinyonga anaweza kupita bila kugunduliwa. Mwalimu anasikia neno sahihi na kusonga mbele. Wakati huo mtoto ametumia nguvu zake zote kulifungua neno kama hawakutuambia, na akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo wake. Kisha anaingia somo la Kiingereza, anaanguka kabisa, na watu wanasema tatizo ni Kiingereza. Tena Kiswahili kina vichochoro vyake: ng'ombe na ngoma, mbwa, nyanya, na vitenzi virefu kama treni.

Habari njema ni kwamba mpango wa Tusome, ulioanza katika shule za umma za Kenya mwaka 2015, uliweka ufundishaji wa sauti za herufi katika masomo ya Kiswahili na Kiingereza ya madarasa ya mwanzo. Hilo linamfaa kila mtoto. Mwenye disleksia anahitaji hicho hicho, ila kwa hatua ndogo zaidi na marudio mengi zaidi.

Kompyuta zimefika

Wafini wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä, wakiongozwa na Heikki Lyytinen, waliwafuatilia tangu kuzaliwa watoto ambao wazazi wao walikuwa na disleksia. Kutokana na kazi hiyo wakaunda mchezo wa kompyuta, GraphoGame. Mtoto anasikia sauti masikioni na kuchagua herufi yake miongoni mwa zinazoshuka kwenye skrini, na mchezo unajirekebisha kulingana na makosa yake. Ulijaribiwa Lusaka, Zambia, kwa lugha ya Kinyanja kwenye simu, na matokeo yaliyochapishwa 2014 yana somo kubwa: waliofaidika zaidi ni watoto ambao mwalimu wao pia alicheza.

Wakati huo huo dunia ya kompyuta ilirudi kwenye macho. Fonti ya Dyslexie ilitoka 2008, OpenDyslexic ikafuata 2011, zenye herufi nzito chini ili eti zisigeuke. Majaribio ya 2017 na 2018 hayakuona faida katika kasi wala usahihi. Utafiti wa Eva Marinus wa 2016 uliona kasi kidogo, lakini chanzo chake kilikuwa nafasi kubwa kati ya herufi na maneno. Ukiipa fonti ya kawaida nafasi hiyo hiyo, tofauti inatoweka. Miwani ya rangi nayo ilikataliwa na madaktari wa watoto na wa macho wa Marekani katika tamko la pamoja la 2009.

Basi haya ndiyo niliyoyaweka katika programu yangu, na nakushauri uyafikirie kama unaunda yako:

1. Sauti kwanza. Kila neno linatamkwa na mtu halisi, zima kisha kwa vipande.
2. Mtoto anajenga neno kwa kusogeza herufi au silabi, hachagui picha tu.
3. Anafuatisha kwa kidole, kisha neno linafichwa naye analiandika kwa kumbukumbu.
4. Kwa vitenzi virefu, programu inavigawa: ha-wa-ku-tu-ambia.
5. Marudio yanapangwa kwa siku, machache kila siku, na neno lililokosewa linarudi mapema bila kelele wala alama nyekundu.
6. Tunapima kasi pamoja na usahihi, ili mtoto wa mwendo wa kinyonga asipotee machoni pa mwalimu.
7. Fonti ya kawaida, nafasi ya kutosha.

Nilimtumia mwalimu toleo hili jipya pamoja na maelezo haya, nikamwomba aketi na watoto hao wenyewe, wala asiwape simu na kuondoka. Algorithimu yangu haiwezi kumwambia mtoto kwamba hana upungufu wa akili, yeye anaweza.

Toleo lijalo nitaandika jinsi ya kurekodi sauti za herufi bila kuongeza irabu mwishoni, maana p ikitamkwa pu inamharibia mtoto hesabu yote. Kama wewe ni mwalimu au mzazi mwenye mtoto wa namna hii, niandikie hapo chini ni maneno gani ya Kiswahili yanayomtoroka sana, nami nitayaingiza katika orodha.

Wasalaam.